Pole ya Kuuza

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Naandika nimekaa upande mmoja wa makalio, kwa hiyo ukiona mstari umelala ujue na mimi nimelala. Niliteleza kazini. Niliteleza kwenye maji niliyomwaga mwenyewe, pembeni ya kibao cha tahadhari nilichokisimamisha mwenyewe. Wagonjwa wetu wa wodi ya mifupa, watu wamening'inizwa miguu na hata kujigeuza hawawezi, walinicheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kuna aliyekata roho. Daktari kasema nyonga imeshtuka tu, haijavunjika. Inauma nikikaa, inauma nikiinama, na kupiga deki ndiko kuinama kwenyewe.

Unakula? Usiniambie "nakula, mama". Niambie umekula nini. Na mlango wako umeshawekewa komeo, au bado unauzuia kwa kiti? Nikifumba macho namwona mtu anakisukuma kile kiti.

Simu sitaki. Kwenye simu unaniitikia "sawa mama, sawa mama" kama mtu anayefukuza kuku. Kwenye barua lazima useme kitu. Kuandika nilijifunza ukubwani, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihishia huku unacheka, basi sasa vumilia matunda yake.

Unasema hapo ofisi ya mawakili mmeanza kufundishwa majadiliano. Nimemuuliza shangazi yako, majadiliano ni kitu gani mpaka mtu afundishwe? Tangu ahamie kwangu anajua kila kitu. Kasema, "Ni kubishana umevaa viatu." Na mimi nashangaa zaidi. Wewe uliyeanza kusema kabla ya kutambaa, tukakuita Chiriku, leo ndiyo unafundishwa kuongea? Hebu nieleze.

Mama yako


11 Machi

Mama mpenzi,

Nimekula wali na maharage, jana na leo. Komeo bado, fundi ananizungusha.

Habari ya kuanguka kwako nimeipata. Nimeelewa kwamba sakafu ilikuwa na maji na kwamba kibao kilikuwepo. Natumaini unaendelea vizuri.

Mwambie Shangazi hajakosea sana. Kesi nyingi, mama, hazimfikii hakimu. Zinaishia mezani, upande huu na upande ule, na wakili asiyejua kukaa mezani hata akariri sheria zote atafuliwa na kuanikwa. Anayetufundisha ni wakili mkuu mwenyewe. Ofisi nzima tunamwita Sukari, kwa ajili ya sauti yake. Yeye hajui. Anasema usiwe wa kwanza kutaja unachotaka. Anasema mwenzako akimaliza kusema, wewe nyamaza, kwa kuwa watu wanaogopa ukimya na wataujaza wenyewe kwa maneno ambayo hawakupanga kuyasema. Na anasema anachodai mtu ni ganda, anachokitaka ni kokwa. Ukishalishika kokwa, umemshika mwenyewe.

Kwenye kunyamaza mimi ndiye wa mwisho darasani. Juzi alinipa pipi nimung'unye ili nisidakie. Wenzangu walicheka sana.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Wagonjwa wanakwambia mambo ambayo hata daktari hawamwambii. Unafanyaje? Niandikie hatua kwa hatua, tafadhali. Nina sababu.

Binti yako


19 Machi

Chiriku wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma, nikaikung'uta bahasha. Nilikuwa natafuta pole. Haimo. Mama yako mzazi kaanguka, unamjibu kwamba umeelewa sakafu ilikuwa na maji? Shangazi yako alikuwa ananichungulia begani, ndiyo kawaida yake, akasema, "Huyo hakuandikii, anakuhoji." Nikamwambia mtoto ana kazi nyingi, amepitiwa. Nakutetea, lakini usinifanye nikutetee sana, nyonga hairuhusu.

Umeniuliza nafanyaje. Sifanyi kitu, mwanangu. Lakini umeuliza, na ni mara ya kwanza unaniuliza kitu cha kazi yangu, nimefurahi hadi nimemwambia muuguzi. Basi naweka ndoo chini. Nakaa kwenye kigoda cha mabeseni, niwe chini ya mgonjwa, maana amechoka kutazamwa kutoka juu. Kidonda sikiangalii. Natazama dirishani, kana kwamba sote wawili tunangoja gari moja. Nampa pole. Halafu nanyamaza, na si ujanja, ni kwamba sina la kuongeza. Basi atasema. Tuna mzee mmoja mkali anatukana hata dripu. Juzi kaniambia si mguu unaomuuma, ni kwamba aliyekuwa anaendesha gari siku ile ni mwanawe, na tangu siku ile hajaja kumwona. Nikaenda kumnong'oneza muuguzi, kijana akapigiwa simu, akaja. Wakalia wote. Mimi nikaendelea na deki.

Sijui hayo yatakufaa nini mezani. Huko kwenu hakuna vidonda.

Fundi wa komeo mwambie mama yako atakuja mwenyewe na nyundo.

Mama yako


2 Aprili

Mama mpenzi,

Kwanza ile pole. Usikasirike. Ofisini kwetu neno hilo halitamkwi mbele ya upande wa pili. Ukimpa mtu pole leo, kesho wakili wake atasema umekiri kosa. Sukari anasema pole ni hatia iliyojipulizia manukato. Kwenye mazoezi, likikuponyoka unasimama mlangoni mpaka zoezi liishe. Nimesimama sana mlangoni, mama. Sasa haliniponyoki tena, hata kwenye barua, kama ulivyoona.

Sasa nikupe habari njema. Tunamtetea mwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Dada mmoja mpiga pasi pale, mkono wake wa kulia ulivutwa na rola la kupigia pasi. Anadai mambo mawili. La kwanza, atibiwe ule mkono kwa muda wote utakaohitaji. La pili, marola yote yafungwe kinga, ili mkono wa mtu usiweze kupita. Asubuhi nzima meza ilikwama. Wakati wa mapumziko, kijana wa chama cha wafanyakazi aliyekuja naye akatoka kupiga simu, yeye akabaki koridoni peke yake.

Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi, chini yake. Mkono sikuuangalia. Nikatazama dirishani. Nikampa pole, kwa kuwa pale hapakuwa na wa kuandika, kisha nikanyamaza. Mama, ilikuwa kama umeniambia! Akasema, "Mdogo wangu, mimi ningetaka tu yule bosi aje, asimame mbele yangu aniambie pole. Tangu niungue hajanitazama usoni."

Nikaingia nalo ndani. Sukari alisimama akanipa mkono mbele ya wote. "Umeleta kokwa," alisema.

Sasa mwenye kiwanda atakuja, atatoa pole mbele ya mashahidi, na yeye dada ataachia matibabu ya baadaye na ile kinga. Kuiandika hiyo pole nimepewa mimi! Imekubalika hivi: "Nakupa pole kwa yote yaliyokupata kazini." Ona hapo, "yaliyokupata". Hakuna aliyefanya kitu. Tunatia saini tarehe ishirini na nne.

Nimewaambia wenzangu mbinu ni ya mama yangu. Wameipa na jina. Wanaiita Ndoo Chini.

Binti yako


8 Aprili

Chiriku,

Sina salamu.

Kazi yangu unaijua. Nafuta matapishi, nafuta usaha, nakusanya mashuka yaliyofanyiwa kila kitu. Nikimaliza nanawa, nakula, na nikishakula hata harufu siikumbuki. Barua yako niliisoma wakati wa chakula cha mchana, nikaisukuma sahani. Nimeitoa chumbani. Iko uani chini ya jiwe. Shangazi yako kasema karatasi hainuki. Nikamwambia ainuse vizuri.

Nijibu hili moja tu. Alijua wewe ni wa nani? Yule dada, alipokuita mdogo wangu, alijua umetoka chumba kipi na unarudi chumba kipi? Usinijibu kiwakili. Nijibu kama ulivyokuwa ukinijibu nikikuuliza nani kalamba maziwa.

Mtu kakufunulia kidonda, wewe ukakipima urefu na upana ukaenda kukitangaza. Na ulikifunua kwa mkono wangu! Mimi nimeketi kwenye kile kigoda nakuandikia kwa furaha, mwanangu kaniuliza kazi yangu, kumbe nakunolea kisu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Basi hilo janga nalila, na ladha yake naijua.

Na hiyo "yaliyokupata". Yalimpata kama mvua? Rola lilitoka kiwandani likaenda kumkuta amelala kwake? Lina mwenyewe, na mwenyewe hataki kulifunga kinga. Kesho mwingine atapeleka mkono palepale, na pole yenu iko tayari, mnabadilisha jina tu. Hata shuka la hotelini linafuliwa kabla hajapewa mtu mwingine!

Mkimwona maskini anataka neno badala ya dawa, mnamwambia, "Haya, chukua neno, lete dawa." Shetani mwenyewe angeona haya kuuza hicho. Watu wote duniani wanaitoa bure, pole. Hata mchoyo anatoa pole.

Hilo jina mnaloita mkicheka, liondoeni. Ndoo ni yangu.

Komeo limewekwa? Kinyaa ninacho, lakini nauliza.

Mama yako


13 Aprili

Mama,

Barua yako nimeipata. Naomba tuyatenganishe mambo.

Hakuniuliza mimi ni nani. Angeuliza ningemjibu. Alikuwa na mwakilishi wake, na mwakilishi wake amekubali. Aliomba pole na anapewa pole, kwa hiyo kila upande unaondoka na kitu. Wakili hachagui mteja kama mtu anayechagua nyanya. Mkono wake wa kushoto unafanya kazi vizuri.

Nadhani ni vyema tusiandikiane kuhusu jambo hili mpaka litakapokwisha.

Komeo limewekwa.

Binti yako


20 Aprili

Wewe binti wa kaka yangu,

Usishtuke ukiona mwandiko umeharibika zaidi ya ule uliouzoea. Ni mimi shangazi yako. Mama yako yuko zamu, hajui kama naandika. Sikuandikii kukuombea msamaha, na kukutetea ndiyo kabisa. Mtu wa kutetea watu siye mimi, ukoo mzima unajua.

Mama yako hasemi na wagonjwa. Nilimpelekea chakula, muuguzi akanivuta pembeni kunieleza. Anapiga deki kama mtu anayefuta jina lake sakafuni. Yule mzee wa matusi alimwita, "Mama, leo hata pole hakuna?" Akachukua ndoo yake akaondoka. Usiku nikambana. Kasema, "Wifi, nikitaka kulitoa lile neno, najiona natega mtego."

Nimemcheka miaka mingi mama yako kwa pole zake. Anampa pole mtu aliyejikwaa mwenyewe. Anampa pole paka akipiga chafya. Sasa nyumba iko kimya kama hiyo ofisi yenu. Na mimi mchokozi, nachokoza, hanijibu. Unajua kazi ya kumchokoza mtu asiyejibu? Ni kama kuukuna ukuta mgongo.

Karatasi yenu sijui inasema nini. Ila hilo neno mmemuuzia yule dada na kumbe mmeliiba huku kwetu.

Barua ya majibu usiniletee. Sina haja nayo.

Shangazi


26 Aprili

Mama, na Shangazi kama unachungulia,

Ulitaka jibu moja, mama. Hakujua. Nilitoka kwenda koridoni nikiwa nimeivua beji ya ofisi na kuitia mfukoni. Hilo sikuliandika.

Barua ya Shangazi ilinifikia asubuhi ya kutia saini. Niliisomea ngazini, zile zile nilizokalia. Kisha nikaingia.

Mwenye kiwanda alikuja. Nilikuwa nimemchapia ile pole kwa herufi kubwa, na pembeni, kwenye mabano, nikamwandikia afanye nini: mtazame usoni. Akasoma, "Nakupa pole kwa yote yaliyokupata kazini, mtazame usoni." Akakisoma na hicho, mama. Kwa sauti, bila kuinua kichwa. Hakuna aliyecheka. Yule dada alikuwa analia, sidhani kama alisikia. Akasema, "Asante, bosi." Asante!

Sukari akamsogezea karatasi na kalamu, akasema kwa sauti yake ile, "Hapa tu, mama, na hapa." Kijana wa chama alikuwa kwenye simu yake. Dada akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, kama mtoto anayeanza shule.

Nikasema, "Dada, subiri." Nikamwambia siku ile koridoni nilikuwa mtu wao, na alichoniambia nilikileta kwenye meza hii. Nikamwambia kwamba kwenye ukurasa wa mwisho anaachia matibabu na kinga, asitie saini kabla hajasomewa.

Sukari akasema, sauti bado tamu, "Binti yetu amechoka." Halafu wakaninyamazia wote, wananitazama. Najua walichokuwa wanangoja. Niujaze ukimya kwa samahani, nirudi kwenye kiti changu. Nikaujaza kwa kurudia yale yale, mara ya pili, kwa sauti zaidi.

Kalamu ikawekwa chini. Kijana wa chama akaamka, akataka ukurasa ule usomwe. Ulipofika katikati dada alisimama. Shauri linakwenda kwa hakimu. Huenda akapata yote mawili, huenda akatoka mikono mitupu, hakuna ajuaye. Mimi kabla ya mchana nilikuwa nje na vitu vyangu kwenye boksi, na Sukari ameahidi kwamba hakuna ofisi itakayonipokea. Nadhani ahadi hiyo ataitimiza.

Nilimkuta yule dada pale nje anangoja. Nikamwambia, "Pole, dada." Alirudi nyuma kama aliyekanyaga kitu. Akaniuliza, "Sasa unataka nini tena?"

Nimepata kujua anakoishi. Nataka niende nikamwombe radhi, kisha nije nyumbani. Au nije nyumbani kwanza? Niambie mama. Siwezi kujipanga.

Chiriku


4 Mei

Mwanangu,

Usiende kwake.

Ukienda utakuwa unataka kitu tena, na yeye ameshakuuliza. Utataka akwambie si neno, ili upate usingizi. Ana mkono mmoja, usimpe kazi ya kukuosha. Siku akikuita yeye, au yule kijana, au hakimu akataka mtu wa kueleza ilivyokuwa, uende hata kama ni kwa miguu, na ueleze na habari ya beji. Wasipokuita, kaa.

Uliposema "subiri" ulisema vizuri. Hilo sitalizungusha, nimelisoma mara nyingi, na shangazi yako kalisoma kwa sauti akajifanya anakohoa. Lakini yaliyotangulia nayo uliyasema wewe, kwa mdomo huo huo.

Shangazi yako anataka niandike kwamba nimekusamehe. Anasema barua ya mama lazima iishe hivyo. Nimemwambia aandike yake. Mimi bado, mwanangu. Nikimfikiria yule bwana anasoma "mtazame usoni", tumbo linageuka. Halafu nakumbuka aliyemwandikia ni wewe, linageuka mara ya pili. Nilidhani ukishafanya la kheri litanitoka mara moja, kama mtu anayetapika akapata nafuu. Halitoki hivyo. Nimemwambia shangazi yako kwamba kuna saa nakuchukia. Kasema mama hamchukii mwanawe. Nikamwambia, wewe hujazaa wakili.

Jana waligeuza mgonjwa, mama mtu mzima, nyonga zote mbili. Akapiga kelele. Nilikuwa mlangoni na dekio langu. Nikafungua mdomo, nikampa pole. Ilitoka imekauka, na nilijisikiliza nikiisema, kitu ambacho sijawahi kufanya. Yeye akaipokea tu kama watu wanavyopokea. Sijui ya leo itakuwaje.

Kazi utatafuta nyingine. Nina wasiwasi wa utakula nini, nina wasiwasi wa kodi ya chumba chako, nina wasiwasi huyo Sukari atakufuata mpaka wapi. Wasiwasi wangu wote uko palepale, haujapungua hata mmoja kwa sababu ya kinyaa.

Nyumbani utakuja. Usingoje kiniishe ndipo uje, hakina tarehe. Njoo kikiwepo. Ukifika utamkuta shangazi yako, mimi zamu yangu inaisha jioni. Nikiingia nikakutazama vibaya, usininyamazie.

Mama yako